Kabla ya Kugawa Mali, Tafuta Shauri
Somo juu ya utunzaji wa wazee katika Marekani



Kumtunza mzazi aliyeishiwa nguvu ni wajibu ujulikanao na watu wote. Lakini katika Marekani, ambako wengi wenye kusema Kiswahili wanakaa pamoja na wazee wao, wajibu huo umezungukwa na sheria, na mwana asiyezijua aweza kumdhuru mama yake huku akidhani anamsaidia. Basi mwezi huu tujifunze jinsi serikali ya huko inavyowasaidia wazee wasiojiweza, na kwa nini yafaa kumwendea mwanasheria mapema.

1. Misaada miwili isiyo sawa

Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoanzisha misaada miwili, Medicare na Medicaid. Majina yao yanafanana, kwa hiyo watu huichanganya. Medicare ni bima ya watu wenye miaka 65 na zaidi, na ya walemavu fulani. Hulipa daktari na hospitali. Lakini utunzaji wa siku zote, yaani kuogeshwa, kuvikwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani, si kazi yake. Mgonjwa atokaye hospitali, akitimiza masharti, aweza kulipiwa katika nyumba ya wauguzi siku zisizozidi 100 kwa kipindi kimoja, na tangu siku ya 21 hudaiwa sehemu ya gharama.

Baada ya hapo ni nani atakayelipa? Mwenye mali hulipa mwenyewe, na gharama ni maelfu ya dola kila mwezi. Asiye nayo huitazamia Medicaid, msaada wa watu wenye mali haba, unaogharimiwa na Serikali Kuu pamoja na majimbo. Kila jimbo lina kanuni zake. Katika majimbo mengi mtu asiye na mwenzi hatakiwi kuwa na akiba ipitayo dola 2,000, ingawa nyumba yake na gari moja kwa kawaida havihesabiwi, kwa masharti yaliyowekwa.

2. Zawadi iletayo taabu

Hapo wengine hufikiri: Nitawapa watoto mali yangu yote, nami nitahesabiwa kuwa maskini. Angalieni sana! Aombaye kulipiwa nyumba ya wauguzi huulizwa habari za mali aliyoitoa bure, au kwa bei ya chini, katika miezi 60 iliyopita. Sheria ya Februari 2006 ndiyo iliyokaza jambo hili.

Tufanye mfano. Mama mjane amempa mwanawe dola 60,000. Baada ya miaka miwili anaingia nyumba ya wauguzi, wala hana akiba tena. Tuseme jimbo lake lahesabu gharama ya mwezi mmoja kuwa dola 10,000. Gawanya 60,000 kwa 10,000, utapata 6. Basi miezi sita mama huyu hatalipiwa. Tena miezi hiyo haianzi kuhesabiwa siku alipotoa zawadi, bali wakati ambapo yumo katika nyumba ya wauguzi, ameomba, na fedha zake zimekwisha. Mwana naye huenda amekwisha kuzitumia. Hivyo zawadi iliyotolewa kwa upendo imemwacha mtoaji bila wa kumlipia.

Walakini sheria hiyo hiyo ina milango. Nyumba yaweza kupewa mume au mke, au mtoto aliye kipofu au mlemavu. Yaweza pia kupewa mwana aliyekaa humo na mzazi wake angalau miaka miwili kabla ya mzazi kuondoka, ikiwa utunzaji wake ndio uliomwezesha mzazi kukaa nyumbani muda huo. Sheria ya 1988 humlinda mwenzi abakiaye nyumbani asiachwe mikono mitupu. Tena ijulikane kwamba tangu sheria ya 1993 majimbo yapaswa kudai gharama hizo katika urithi wa aliyetunzwa baada ya kutimiza miaka 55, lakini si wakati mwenzi wake angali hai. Mambo haya yote yataka ushahidi wa hati, nayo ni mazito kwa mtu kuyaamua peke yake.

3. Kazi ya mwanasheria

Kwanza, hupima mali na kuonyesha njia iliyo halali kabla haijagawanywa. Pili, huandika hati ya kumpa mtu mwaminifu uwezo wa kutenda kwa niaba ya mzee. Hati hii sharti itiwe sahihi mzee angali na akili timamu. Akili ikipotea kwanza, huenda jamaa wakalazimika kwenda mahakamani. Tatu, husoma mkataba wa nyumba ya wauguzi. Sheria ya 1987 yakataza nyumba hizo kumlazimisha mtu mwingine awe mdhamini wa malipo ili mgonjwa apokewe. Kwa hiyo mwana asitie sahihi yake kwa haraka. Nne, husimamia maombi yakikataliwa. Serikali yapasa kujibu kwa siku 45, au 90 ikiwa sharti ulemavu uthibitishwe. Jibu likiwa baya, mwombaji ana haki ya kusikilizwa, lakini kwa muda ulioandikwa katika barua tu. Basi barua ya serikali isikae rafuni bila kufunguliwa.

4. Asiye na fedha aende wapi?

Wako wanasheria wasiodai malipo. Shirika la Legal Services Corporation, lililoanzishwa kwa sheria ya 1974, hutoa fedha kwa ofisi za kuwasaidia maskini katika kila jimbo. Tena Sheria ya Wazee ya 1965, iitwayo Older Americans Act, hugharimia msaada wa sheria kwa wenye miaka 60 na zaidi; ofisi za wazee za kila eneo huelekeza watu. Naye asiyejua Kiingereza asione haya: ofisi zipokeazo fedha za Serikali Kuu zapaswa, kwa sheria ya 1964, kumsaidia kwa lugha aijuayo, naye aweza kuomba mkalimani bila kulipa.

Wahamiaji wana jambo la kuangalia zaidi. Sheria ya tarehe 4 Julai 2025 imepunguza aina za wageni wawezao kupata Medicaid, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026. Mkimbizi asiyepata bado hati ya ukaaji wa kudumu na aulize mapema.

Neno la kushika ni hili: uliza kwanza, kisha gawa, soma kwanza, kisha tia sahihi.

Maswali ya kujifunza

1. Medicare na Medicaid zatofautianaje?
2. Kwa nini zawadi ya mama yule ilimletea taabu?
3. Ni hati gani isiyopaswa kungoja mpaka mzee ashindwe kufahamu?
4. Je, katika jamaa yako, ni nani ajuaye mahali hati za mzee zilipowekwa?