Mazoezi ya usawa wa mwili kwa wanaoishi na ugonjwa wa Parkinson

Wengi wenye ugonjwa wa Parkinson huangukia nyumbani kwao: wakigeuka jikoni, wakivuka kizingiti, au wakiamka usiku kwenda msalani. Anayeanguka mara moja huanza kuogopa, hukaa kitini siku nzima, na miguu huzidi kudhoofika.

Ugonjwa huu, ambao daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza mwaka wa 1817, hupunguza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo. Misuli hukakamaa, hatua hufupika, na wakati mwingine miguu hunasa sakafuni ilhali mwili umeshaanza kwenda. Dawa hupunguza kutetemeka na ukakamavu, lakini haitoshi kurejesha usawa. Huo hutafutwa kwa mazoezi. Utafiti uliofanywa Oregon, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2012, ulihusisha wagonjwa 195. Waliofanya tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu.

Nyumbani, aanze na kuketi na kusimama. Kiti kiwe imara na kiegemezwe ukutani. Mgonjwa husogea ukingoni, huvuta nyayo nyuma kidogo ya magoti, huinamisha kifua mbele, kisha husimama. Mara tano zatosha mwanzoni. Halafu, akishika meza nzito, ahamishe uzito polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Akizoea, asimame kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, ahesabu hadi kumi. Mtu wa nyumbani akae karibu naye, lakini asimvute mkono. Kuvutwa kwenyewe kunaweza kumwangusha.

Kugeuka ndiko kwenye hatari zaidi. Azunguke kwa hatua kadhaa, kama mkokoteni unaokata kona, si kujizungusha papo hapo. Miguu ikinasa asilazimishe: atulie, ahamishe uzito kando, kisha apige hatua moja kubwa. Mistari ya chaki sakafuni, au kuhesabu kwa sauti, huwasaidia wengi.

Mazoezi yafanywe dawa ikiwa imeshika, mgonjwa akiwa amevaa viatu vilivyofungwa, si ndala. Akipata kizunguzungu kila anaposimama, apimwe presha kwanza. Na aliyeanguka zaidi ya mara moja mwaka huu asianze peke yake. Amwone mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali iliyo karibu.