Maradhi ya Mwimbaji na Usikilizaji wa Wimbo

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kumtenga mtunzi na nafsi inayosema katika wimbo. Kifo cha mapema huutia utengano huo mashakani.

Mwaka 1987 Franco Luambo Makiadi wa Kongo alitoa "Attention na Sida", wimbo wa kuwaonya watu juu ya UKIMWI. Alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na miaka 51, bila kutangaza kuwa na ugonjwa huo. Hata hivyo, wapo walioufanya wimbo ushahidi. Kwa msikilizaji wa Likoni au Changamwe asiyejua Kifaransa wala Kilingala, uvumi huweza kukaa mahali pa tafsiri.

Philly Lutaaya wa Uganda ni kinyume chake. Mwaka 1989 alijitangaza mwenyewe, akaimba "Alone and Frightened", akafariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Hapa mwimbaji ndiye aliyeziunganisha nafsi mbili.

Basi mhakiki na aulize: ni nani aliyeufungua mlango, msanii au uvumi? Ukiwa ni uvumi, onyo lililokusudiwa watu wote hugeuzwa siri ya marehemu mmoja, na msikilizaji hujiona hayamhusu.