Nani Mashuhuri wa Ruaha Mbuyuni?

Kwetu ni Ruaha Mbuyuni, wilaya ya Kilolo, pale kwenye joto na mibuyu kabla basi la Iringa halijaanza kupanda Kitonga. Nikitaja kwetu hapa chuoni, naulizwa, "Katoka nani pale?" Swali zuri, ila kwanza tukubaliane: mtu anahesabiwaje kuwa wa mahali fulani? Njia ziko tatu, na mkoa wetu wa Iringa una mifano ya zote.

Ya kwanza ni asili. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa, alikuwa chifu wa Wahehe. Akawa Spika wa Bunge tangu 1962 hadi 1973, na tena 1975 hadi 1994. Huyu hana ubishi.

Ya pili ni kazi. Dk. Wilbert Klerruu hakuzaliwa Iringa. Alikuja akiwa Mkuu wa Mkoa. Tarehe 25 Desemba 1971, kipindi cha kusukuma vijiji vya ujamaa, alipigwa risasi Isimani na mkulima Said Mwamwindi, akafa. Mwamwindi alihukumiwa kifo, akanyongwa. Leo huwezi kumtaja mmoja ukamwacha mwingine. Kwa hiyo, wenzangu, kuwa mashuhuri si kuwa mwema. Orodha ya mashuhuri sio ya kugawa nishani.

Ya tatu ni tukio. Emil von Zelewski hakuzaliwa Uhehe wala hakuishi huko. Alikuja na jeshi la Wajerumani, na tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa wakamuua Lugalo. Wajerumani wakamjengea mnara, na jina lake likabaki. Sasa jiulize: wale Wahehe waliomshinda, unaweza kutaja wangapi? Ukimtoa Mkwawa mwenyewe, wengi wetu tunakwama.

Hapo ndipo jibu la Ruaha Mbuyuni lilipo. Jina hubaki pale ambapo kuna mtu wa kuliandika. Kwetu panajulikana kwa vitunguu; wasafiri wa Mbeya na Dar wanavinunua barabarani. Lakini vitunguu havikujipanda. Kuna waliothubutu kuvilima kwanza, waliochimba mifereji ya maji, wakunga waliozalisha kijiji kabla ya zahanati. Kwa njia ya pili, ya kazi, hao wote wanaingia kwenye orodha. Tatizo hawapo kwenye karatasi.

Basi hili ndilo zoezi la likizo, uwe wa Mbuyuni, Ilula au Makambako. Tafuta mzee mmoja, mwombe ruhusa, kisha uandike jina lake kamili, alifika lini, alifanya nini. Asipokumbuka mwaka, usimlazimishe. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya lami, kabla au baada ya Uhuru. Halafu nenda kwa mtu wa pili, peke yake, umuulize habari ileile. Wakitofautiana, andika yote mawili; usichague linalokupendeza.

Mimi naanza na swali la nani alilima vitunguu kwanza. Najua nitapewa majina zaidi ya moja, na koo zitabishana. Afadhali zibishane sasa, wakati mashahidi bado wapo.