Ukienda Houston Kutazama Kwilti

Kwilti ni yale mablanketi ya viraka: juu vitambaa vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kingine, vyote vikishikwa pamoja kwa mshono. Ukitaka kuziona kwa wingi, nenda Houston, Marekani. Maonyesho ya International Quilt Festival hufanyika kati ya Oktoba na mwanzo wa Novemba, katika ukumbi wa George R. Brown. Ni makubwa mno. Usiende kichwakichwa.

Anza na miguu. Vaa raba ulizokwisha kuzizoea. Beba na kanga ya kujitanda, maana nje joto likiwaka, ndani kiyoyozi kinapuliza.

Tazama kwanza, nunua baadaye. Hapa nakusisitizia kweli. Ukianzia kwenye mabanda ya wauzaji, utazifikia kwilti umechoka na mikono imejaa mifuko. Asubuhi, kichwa kikiwa chepesi, nenda moja kwa moja kwenye zilizoshinda tuzo. Hutazimaliza zote, basi chagua kumi uzitazame sawasawa. Simama hatua tano nyuma uone mchoro mzima. Kisha sogea usome mshono: ncha za viraka zimekutana? Kona zimenyooka? Uzi umebadilishwa rangi wapi, na kwa nini? Andika jambo moja la kwenda kujaribu kwenye cherehani yako.

Usiguse, hata kwa kidole kimoja. Mafuta ya ngozi huingia kwenye nyuzi, na mtu ameshonea kazi ile macho yake. Ukitaka kuona upande wa nyuma, tafuta wasaidizi waliovaa glavu nyeupe, waombe wakugeuzie. Omba bila haya. Nyuma ndiko mkono wa fundi unakoonekana wazi.

Kabla ya kupiga picha, soma kibao. Baadhi ya kazi haziruhusiwi kupigwa. Ikiruhusiwa, piga kwanza karatasi yenye jina la fundi, halafu kwilti yenyewe. La sivyo, utarudi na picha 200 usijue ipi ni ya nani.

Kula mapema, kabla foleni hazijarefuka. Ng'ambo ya barabara kuna bustani ya Discovery Green. Kaa kivulini, nyoosha miguu, kisha urudi.

Sasa kanunue. Kabla ya safari, kata vipande vidogo vya vitambaa ulivyo navyo, vitenge vikiwemo, uvibandike kwenye kadi. Taa za ukumbini hudanganya macho, na rangi uliyoikariri kichwani siyo iliyoko kabatini. Weka kipande juu ya kitambaa, utajua papo hapo. Kumbuka wanapima kwa yadi, yaani sentimita 91, si mita. Kipande kiitwacho fat quarter ni inchi 18 kwa 22 hivi: kinatosha kujaribia rangi, hakitoshi mpaka wa kwilti ya kitanda. Ukiona kitu ukasema utarudi, piga picha namba ya banda. Bila hiyo hulipati tena.

Kama unarudi kwa ndege, kisu cha gurudumu cha kukatia vitambaa kiweke kwenye begi linalopakiwa chini, mkononi watakunyang'anya. Mkasi mdogo unaweza kuingia nao, mradi makali yasizidi inchi 4 kuanzia kwenye msumari wake.