Aliyeumizwa Nyumbani Apelekwe Wapi?

Mke aliyepigwa au binti aliyenajisiwa akibisha hodi kwetu, tusimrudishe nyumbani kungoja shauri la wazee. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yakataza mtu kumpiga mwenziwe wa ndoa. Basi yatupasa kumsindikiza mpaka polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe fomu ya PF3, kisha hospitali. Aliye mahututi, hospitali itangulie. Aliyenajisiwa asioge wala asifue nguo zake, maana ndizo ushahidi; na dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI sharti aianze kabla ya saa 72 kupita. Wazee watangoja, saa hizo hazingoji.