NJIWA WA BANDIA: ANAITA AU ANAFUKUZA?

Mvua ya Machi ikikaribia, wakulima wa Kieni, Naro Moru hadi Timau huuliza swali lile lile: tufanye nini na njiwa? Unapanda njegere jioni, asubuhi unakuta zimefukuliwa. Wengine wamechonga njiwa wa mbao na kuwasimamisha shambani, wakidhani ndege wataogopa. Hebu kwanza tujifunze tabia ya njiwa.

Njiwa hapendi kula peke yake. Akipita juu hutafuta wenzake. Akiwaona wametulia wanadonoa, anajua mambo mawili: chakula kipo, na adui hayupo. Basi anashuka.

Wawindaji wa Uingereza huitumia sana tabia hiyo. Huweka njiwa wa bandia kumi hivi, wenye rangi ya kijivu na alama nyeupe shingoni na mabawani kama njiwa wa kwao. Rangi haitakiwi kung'aa, maana mng'ao humshtua ndege. Hawawapangi mstari kama askari wa gwaride, bali huwatawanya, wengi wakielekea upepo unakotoka, na katikati huacha uwanja mtupu. Njiwa hutua akiukabili upepo, na anataka nafasi ya kukanyaga. Mwenye bunduki amejificha karibu na uwanja huo.

Hatufundishi haya ili mtu atafute bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza uwindaji wa starehe na hata wa kitoweo. Tunayaeleza kwa sababu mwenye njiwa wa mbao waliosimama vizuri kwenye njegere, kumbe amewaandikia ndege barua ya mwaliko! Na njiwa watatu wa kweli ukiwaacha watulie saa kumi na mbili asubuhi, hao nao ni waitaji. Usingoje wawe thelathini. Fukuza wa kwanza.

Njiwa huyo wa mbao usimtupe. Mning'inize kwa kamba juu ya mti, kichwa chini, mabawa wazi, apepesuke. Sasa anasema hatari. Lakini atazoeleka baada ya siku chache, kama sanamu yoyote ile iliyovaa koti kuukuu. Mhamishe kila siku mbili tatu, na mtu apite hapo mara kwa mara. Kanda za kaseti za zamani zikivutwa juu ya matuta hulia kwa upepo na kumetameta, zinasaidia. Mbegu nazo zifukiwe vizuri, na zilizomwagika pembeni ziokotwe, maana hizo ndizo zinazomwonyesha njia.

Tusimlaumu kila ndege. Wanaotusumbua ni yule mwenye madoa meupe mabawani na ngozi nyekundu kuzunguka jicho, anayelala kwenye paa la shule, pamoja na tetere, yaani ndutura. Yule mkubwa mweusi-mweusi, mdomo wa njano, anayetoka msitu wa Mlima Kenya, chakula chake hasa ni matunda ya miti.

Jambo moja tunalikataa kabisa: sumu. Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu wamefunga korongo hai mashambani mwa mpunga ili awaite wenzake kwenye chambo chenye Furadan, kisha nyama ikauzwa. Kampuni iliyoitengeneza iliiondoa Kenya mwaka 2009, lakini dawa za aina hiyo bado ni hatari. Ndege aliyekula sumu huruka akafie kwa jirani, na mtoto wa jirani akamchoma ale. Ukiokota njiwa aliyekufa na hujui kilichomuua, mfukie chini sana, hata mbwa asimfikie.

Kwa vile watoto wako shuleni asubuhi, majirani wakubaliane kupanda wiki moja. Ndege watagawanyika kwenye mashamba mengi, na zamu ya kulinda alfajiri na jioni haitamwangukia mama mmoja.