Unahamia Dar kwa Imani? Fanya Haya, Usifanye Haya

Kila siku mabasi ya mikoani yanashusha watu kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na wengi wao wamesafiri baada ya kuomba. Mmoja amefunga, mwingine amesali istikhara, mwingine amewekewa mikono na wazee wa kanisa. Hilo ni jema. Linaloniuma ni kumwona mwombaji huyo huyo akipanga chumba kinachojaa maji, au akitapeliwa akiba yake yote, kwa sababu aliona kuuliza ni kukosa imani. Imani inakupa moyo wa kuamua na subira ya kuvumilia. Habari za nyumba, kazi na njia unazitafuta mwenyewe, kwa miguu na kwa maswali.

FANYA

1. Omba, kisha piga hesabu. Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mungu. Basi kaa chini na kalamu. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Weka nauli, chakula, umeme wa LUKU, maji, godoro na mtungi wa gesi. Weka na fedha ya kuishi miezi mitatu bila kipato. Hesabu ikigoma, sogeza tarehe ya safari.

2. Ielewe dua yako. Istikhara ni rakaa mbili na dua yake, na ndoto si sharti. Sali, shauriana na wanaojua, kisha endelea na lile unaloliona jema. Likifunguka, shukuru, likifungwa, kubali. Mkristo naye asifungue Biblia popote akachukua mstari wa kwanza anaouona kuwa ndiyo tiketi yake ya kwenda mjini.

3. Uliza jina la mtaa, si la wilaya. Magomeni ni Kinondoni, na Bunju na Mabwepande kule kuelekea Bagamoyo ni Kinondoni hiyo hiyo. Keko ni Temeke, pua na mdomo na katikati ya mji. Chamazi nayo ni Temeke, na kwenda huko unapita Mbagala Rangi Tatu kwanza. Anayekuambia "nyumba iko Kinondoni" hajakuambia kitu. Fikia kwa ndugu kwanza. Kabla ya kulipa kodi, toka kwenye mlango wa nyumba hiyo saa kumi na moja alfajiri ya siku ya kazi, nenda mpaka kazini, na jioni rudi kwa njia ile ile. Kama safari hiyo huiwezi siku moja, hutaiweza mwaka mzima.

4. Ikague nyumba siku ya mvua. Tazama ukuta chini ya dirisha. Rangi mpya iliyoishia kiunoni, au mstari wa tope lililokauka nyuma ya mlango, inakuambia maji yalifika wapi masika iliyopita. Fungua bomba. Onja maji ya kisima, maana mengine ni ya chumvi. Uliza LUKU mnachangia wangapi na nani anakusanya. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wengi Dar es Salaam, na serikali ikawahamishia baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi kwenye viwanja vya Mabwepande. Bondeni nako kulikuwa na watu wa sala. Mvua haikuwachagua.

5. Jitambulishe mapema. Beba barua ya serikali ya mtaa au kijiji unakotoka, uipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa unakohamia. Beba na barua ya parokia au usharika wako. Ingia jumuiya ya eneo lako, au mfahamishe imamu wa msikiti wa karibu kwamba wewe ni mgeni. Ukishikwa na homa usiku wa manane huko Chamazi, atakayekutafutia bajaji ni mtu anayekujua kwa jina.

USIFANYE

1. Usimkabidhi mtu mmoja uamuzi wako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini waliohamia huko wakifuata mafundisho ya kufunga hadi kufa. Wapo walioacha kazi na kuuza mali ili waende. Hawakufika huko kwa siku moja. Walianza kwa kukubali kwamba sauti moja inatosha. Kiongozi mwema wa dini atakutuma ukaongee na wazazi wako, na mwenzi wako, na mtu anayeishi huko unakokwenda. Anayekukataza kuuliza wengine, au anayetaja bei kabla ya kukupa jibu la Mungu, mkimbie.

2. Usiuze shamba. Likodishe, au mwachie ndugu alime kwa makubaliano ya maandishi. Mtaji unaweza kuisha ndani ya miezi michache, na ardhi iliyouzwa hairudi kwa bei ile ile.

3. Usilipe fedha kwa salamu. "Bwana asifiwe" si risiti, na "Asalaam aleikum" si mkataba. Dalali akiwa mpendwa mwenzako au mnasali safu moja, mheshimu, kisha mwambie akukutanishe na mwenye nyumba. Waulize wapangaji waliopo. Andikianeni mkataba mbele ya mashahidi, ikiwezekana ofisi ya serikali ya mtaa. Mcha Mungu wa kweli hakasiriki ukitaka maandishi.

4. Usiwaburute mke, mume na watoto. Kama Mungu amesema nawe, mpe na mwenzako nafasi ya kuomba na kukataa. Tangulia peke yako, upate pa kulala na pa kupata riziki, utafute shule, ndipo uwaite. Mtoto asipoteze muhula wa masomo kwa sababu baba yake hakutaka kungoja.

5. Usitoe ushuhuda kabla ya safari kuzaa matunda. Ukisimama mbele ya usharika ukatangaza kwamba Mungu amekutuma Dar, umejifunga. Mambo yakikwama, utaona kurudi ni kumwaibisha Mungu. Utawadanganya nyumbani kwamba uko salama, na utakopa mikopo ya riba kali, ile ya kausha damu, ili uendelee kuonekana umebarikiwa. Mungu hahitaji uongo wako kulinda jina lake. Tenga nauli ya kurudi tangu siku ya kwanza na usiiguse. Jipangie mwezi ambao utakaa chini kupima kama safari inazaa au la. Isipozaa, panda basi urudi, uwaeleze wazee ukweli, na uombe upya.